Miguu, maji, baiskeli au ukuta: zoezi lipi la kushusha presha Mombasa?

Mashine ilisoma 148 kwa 94. Muuguzi akanitazama, akauliza, "Baba, umekuja mbio?" Nikamwambia nimeteremka kwenye tuktuk sasa hivi. Akaniambia nikae, niegemee, ninyamaze. Baada ya dakika tano ikasoma 146 kwa 92. Wiki mbili baadaye nikarudi, namba karibu ni zile zile. Daktari akanipa miezi mitatu: nipunguze chumvi, nifanye mazoezi, kisha tutazame kama dawa itahitajika. Nikamuuliza mazoezi gani. "Yoyote tu, bora utoke jasho." Akaita mgonjwa mwingine.

Sasa kutoka jasho Mombasa si kazi. Msimu wa kaskazi mtu hutoka jasho akiwa amekaa barazani na kikombe cha kahawa mkononi. Jibu lile halikunisaidia, na nyumbani ndiko nilikochanganyikiwa zaidi. Ami yangu, mzee wa miaka sabini na ushei anayeogelea mpaka leo, akasema bahari ndiyo dawa. Mpwa wangu akasema, "Mjomba, njoo gym ubebe chuma." Mke wangu akasema nitembee, maana viatu ninavyo. Jirani akaniahidi baiskeli yake. Nimeyajaribu yote kwa zamu na nimeyasoma pia, na haya ni kwa ajili ya mwenye presha ya kiasi, anayeishi kisiwani au ng'ambo ya daraja, anayetaka kujua aanzie wapi.

Presha wakati wa zoezi, na presha baada yake

Linalowatisha wengi ni kwamba ukifanya zoezi presha hupanda. Ni kweli. Moyo husukuma damu nyingi zaidi, na namba ya juu, ile inayotajwa kwanza, ya mtu mwenye afya akikimbia kwa nguvu inaweza kupita 180, hata kugonga 200. Lakini ya chini hubaki palepale au hushuka kidogo, kwa sababu mishipa ya misuli inayofanya kazi imefunguka. Hiyo ndiyo tabia ya mazoezi ya stamina, yale ya kwenda muda mrefu kwa mwendo mmoja: kutembea, kukimbia, baiskeli, kuogelea.

Ukishapumzika, mishipa haijifungi mara moja. Presha huteremka chini ya pale ulipoanzia, na mteremko huo unaweza kudumu saa kadhaa, wakati mwingine mpaka siku ya pili. Ndiyo maana anayetembea siku tano kwa wiki ana faida asiyokuwa nayo anayejiua Jumamosi moja: kabla mteremko wa jana haujaisha, yeye ameshauanza wa leo. Majuma yakipita huja mabadiliko ya kukaa zaidi. Mishipa hulainika, na neva zinazouharakisha moyo hutulia.

Kwa hesabu, mwongozo wa madaktari wa moyo wa Marekani wa 2017 unakadiria kwamba mazoezi ya stamina ya dakika 90 hadi 150 kwa wiki hushusha namba ya juu kwa 5 hadi 8 kwa mwenye presha, na kwa 2 hadi 4 kwa asiyekuwa nayo. Kupunguza chumvi hushusha 5 au 6. Kupungua uzito hushusha takriban 1 kwa kila kilo. Kwa hiyo zoezi peke yake halimtoi mtu kutoka 170 hadi 120, na anayekuahidi hivyo ana kitu anachotaka kukuuzia. Lakini 7 si haba. Hazipishani sana na kazi ya kidonge kimoja.

Kutembea au kukimbia

Hapa ndipo penye ubishi mkubwa. Pale Mama Ngina, kando ya bahari, alfajiri utawakuta wote wawili: wenye raba za rangi wanaopita wakihema, na akina mama wa buibui wanaotembea wawili wawili, mikono ikipiga. Wakimbiaji huwatazama watembeaji kana kwamba wamekuja kupunga upepo.

Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2013 uliwafuata wakimbiaji zaidi ya 33,000 na watembeaji zaidi ya 15,000 kwa miaka sita hivi. Walipolinganishwa kwa nguvu ile ile iliyotumika mwilini, hatari ya kupata presha ilipungua kwa asilimia 4.2 kwa wakimbiaji na asilimia 7.2 kwa watembeaji. Soma vizuri hapo: ni kwa nguvu sawa, wala si kwa muda sawa. Anayetembea anahitaji karibu mara mbili ya muda wa anayekimbia ili atumie nguvu hiyo hiyo. Kukimbia, basi, kunaokoa saa. Kutembea kunaokoa magoti.

Nami kigimbi changu ndicho kilichonifundisha. Juma la pili la kukimbia, karibu na mibuyu, nilihisi kama mtu amenipiga jiwe nyuma ya mguu wa kushoto. Siku kumi nikawa navuta mguu nyumbani. Zoezi lililokuumiza ukalala siku kumi halina faida ya siku kumi hizo, na mwili husahau upesi: ukiacha kabisa, majuma machache tu presha hurudi ilikotoka.

Kuna jambo la hewa pia. Mombasa jasho linatoka lakini halikauki, kwa sababu hewa yenyewe imelowa. Jasho lisipokauka halikupozi, hivyo moyo unabeba mizigo miwili: kupeleka damu kwenye misuli na kupeleka damu kwenye ngozi ikapoe. Mkimbiaji wa Eldoret akija huku hulalamika, seuze wewe mwenye kitambi na 148. Miezi ya kaskazi, kuanzia Disemba mpaka Machi, mwendo ambao mwezi wa saba ulikuwa rahisi utakufanya utafute ukuta wa kushika.

Hukumu yangu: kama una zaidi ya miaka arobaini na hujakimbia tangu shule, tembea. Lakini tembea kweli. Kuna kutembea na kuna kuzurura. Kipimo kimoja ni hatua 100 kwa dakika au zaidi. Hesabu kwa saa yako. Kipimo kingine ni mdomo: uweze kuzungumza na mwenzio, ila ukijaribu kuimba taarabu pumzi ikatike. Shirika la Afya Duniani linataka dakika 150 hadi 300 za mwendo huo kwa wiki, au 75 hadi 150 za mwendo mkali. Nusu saa siku tano inatosha kuanzia. Ukitaka kukimbia baadaye, changanya: tembea dakika nne, kimbia moja.

Na tahadhari ya Mama Ngina yenyewe. Ukimaliza kutembea jioni, pale pale mbele yako kuna muhogo wa kukaanga, umechanwa katikati, umepakwa pilipili na chumvi ya kutosha kukaushia samaki. Pembeni kachri. Nimewaona watu, nami mmoja wao, wakitembea dakika arobaini halafu wakakaa ukutani kutazama meli inaingia Kilindini na muhogo mkononi. Agiza ndimu na pilipili tu. Muuzaji atakushangaa mara mbili, ya tatu atazoea.

Bahari

Ami yangu hayuko mbali na ukweli. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas waliwachukua watu wa zaidi ya miaka 50 wenye presha iliyopanda kidogo, wakawaogelesha mara tatu au nne kwa wiki kwa majuma 12. Namba ya juu ilishuka wastani kutoka 131 hadi 122. Utafiti huo ulitoka 2012. Ni mteremko mzuri, na waliupata bila kugonga goti hata mara moja.

Ukilinganisha na kutembea, maji yana mambo matatu. Uzito unabebwa, kwa hiyo mtu mnene au mwenye magoti mabovu hupata zoezi ambalo barabarani lingemuumiza. Joto la mwili linaondoka kirahisi zaidi, na hilo kwa Mombasa ni kubwa. Tena bahari yetu ni vuguvugu. Maji ya baridi kali hubana mishipa na kupandisha presha kwa ghafla, shida ambayo Nyali haipo.

Lakini bahari ina ratiba yake, nayo haikuulizi wewe una kazi saa ngapi. Siku za bamvua maji hupwa mpaka mbali, unatembea juu ya mchanga na mawe ukitafuta pa kuogelea; yakijaa, yanajaa kwa nguvu. Siku za maji mafu ndipo mambo hutulia. Saa za kujaa husogea kila siku kwa karibu dakika hamsini, kwa hiyo anayetaka kuogelea kila siku saa kumi na mbili asubuhi atakuta juma moja maji, juma la pili mchanga. Wakati wa kusi mawimbi huchafuka na mwani hujaa ufukoni. Ami amestaafu, anaifuata bahari. Mimi nina saa ya kufika kazini.

Halafu tuseme kweli. Wengi wetu tukienda ufuko wa Pirates hatuogelei, tunaoga. Tunasimama maji yakiwa kifuani, tunazungumza saa nzima, tunatoka tumefurahi. Hilo si zoezi la stamina. Kama hujui kuogelea, tembea ndani ya maji yaliyofika kiunoni, sambamba na ufuo, usiende kwa ndani, usimame tu unapochoka. Maji yanakuzuia kila hatua. Dakika ishirini utazihisi. Na usiende peke yako, ukijua kuogelea au usijue. Kwa akina mama wanaotaka sitara, alfajiri mkiwa kundi ndiyo saa yenyewe.

Hukumu: magoti mabovu au mwili mzito, chagua maji kabla ya barabara. Wengine wayafanye ya Jumamosi, yasiwe nguzo.

Baiskeli

Hapa sitakawia. Kwa moyo na mishipa baiskeli inafanya kazi sawa na kutembea kwa kasi, na magoti huipenda. Tatizo halimo mwilini, limo barabarani. Nilipanda ya jirani siku nne. Siku ya nne, njia ya kuelekea Changamwe, trela la kontena lilinipita karibu kiasi kwamba upepo wake ulinisukuma kwenye mtaro. Sijui presha yangu ilikuwa ngapi dakika ile, ila haikuwa ya kushuka. Baiskeli nikairudisha. Kama unaishi ndani ya mitaa iliyotulia huko Nyali, au kama kuna ile baiskeli isiyosogea ya gym, sawa. Kisiwani, hapana.

Chuma na ukuta

Mpwa wangu naye hakukosea kabisa, ila alianza upande mbaya. Kuinua uzito mdogo kwa kurudia-rudia husaidia presha, karibu sawa na kutembea. Kuinua uzito mkubwa huku umebana pumzi ni habari nyingine. Mwaka 1985 watafiti wa Kanada waliwapima wajenga misuli kwa sindano ndani ya mshipa wakisukuma uzito kwa miguu yote miwili, na wastani wa kilele ulikuwa 320 kwa 250. Tofautisha na mkimbiaji: huyu namba zote mbili zinapaa pamoja, kwa sababu misuli iliyokazwa inabana mishipa yake yenyewe na pumzi iliyofungwa inaongeza. Mwenye presha asianze hapo.

Kilichonishangaza ni ukuta. Mwaka 2023 jarida la Uingereza la tiba ya michezo lilichapisha uchambuzi wa tafiti 270 zenye watu zaidi ya 15,000. Mazoezi ya stamina yalishusha wastani wa 4.49 kwa 2.53. Kuchanganya stamina na uzito, 6.04 kwa 2.54. Mazoezi ya kukaza msuli bila kusogea, 8.24 kwa 4.00. Na lililoongoza kwa namba ya juu ni lile la kuegemea ukuta magoti yamekunjwa, kama aliyekaa kwenye kiti kisichoonekana. Kwa namba ya chini, kukimbia ndiko kulikoongoza.

Utaratibu uliotumika mara nyingi ni dakika mbili ukutani, pumziko la dakika moja mpaka nne, mara nne, siku tatu kwa wiki. Jumla haifiki nusu saa kwa siku. Nilijaribu chumbani, binti yangu akihesabu. Sekunde ya 50 mapaja yalianza kutetemeka kama kitambaa kwenye kamba, ya 80 nikaanguka, naye akacheka mpaka mama yake akaja kuuliza. Teremka kidogo tu mwanzoni, mgongo juu kiasi. Kadiri magoti yanavyokunjwa ndivyo linavyokuwa zito. Na pumua! Hesabu kwa sauti ikiwa huwezi kukumbuka, maana anayehesabu hawezi kufunga pumzi.

Sasa mbona nisikuambie uache barabara ukakae ukutani? Kwa sababu tafiti za zoezi hili ni chache na za watu wachache kuliko zile za stamina, na kwa sababu ukuta hautakupunguzia kitambi wala hautakuongezea pumzi ya kupanda ngazi. Wengi wenye presha hapa Pwani wana sukari pia, au wako njiani kuelekea huko, na sukari inataka mwendo. Ila kwa mama mwenye watoto wadogo asiyepata pa kutokea, kwa mlinzi wa zamu ya usiku, na kwa siku za masika mvua inapofurika mtaani, ukuta ni jibu la heshima. Mimi nimeuweka siku tatu, kutembea siku tano.

Kama unameza dawa tayari

Uchaguzi hubadilika kidogo. Anayetumia atenolol na ndugu zake, moyo wake hauendi mbio hata akijitahidi, kwa hiyo asifuate mapigo kwenye saa ya mkononi; afuate kipimo cha mdomo. Anayetumia dawa ya kupunguza maji mwilini, kama hydrochlorothiazide, jua la Mombasa litamkausha upesi. Kwake alfajiri ni lazima, na kunywa maji kabla hajahisi kiu. Wa amlodipine na nyinginezo zinazofungua mishipa asisimame ghafla baada ya kukimbia, maana damu hubaki miguuni na kichwa huzunguka. Amalizie kwa mwendo wa taratibu dakika tano hadi kumi. Dafu baada ya zoezi ni zuri na lina potasiamu nyingi, lakini mwenye figo dhaifu, au anayemeza losartan au enalapril, dawa zinazobakisha potasiamu mwilini, amuulize daktari kwanza asilifanye mazoea.

Kama ukiwa umepumzika mashine inasoma 180 kwa 110 au zaidi, usianze lolote katika haya mpaka umwone daktari. Na kifua kikibana, au pumzi ikikata kuliko kazi unayofanya, au kichwa kikawa chepesi, simama na uende hospitali, usiseme ni gesi.

Ramadhani ina hesabu yake. Kutembea kabla ya futari ukiwa huna tone la maji tangu daku, kwa mwenye presha si busara. Baada ya tarawehe mji uko macho na hewa imepoa; tembea wakati huo.

Utajuaje kama ulichochagua kinafanya kazi

Mizani haitakuambia, jasho halitakuambia. Pima. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne Kenya ana presha, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi kupimwa. Pima asubuhi, kabla ya kahawa na kabla ya zoezi, umekaa dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo sakafuni, mkono usawa wa moyo, mdomo umefungwa. Usipime mara tu baada ya kutembea ukajidanganya, kwa kupanda au kwa kushuka. Andika namba za juma la kwanza na za juma la 12, ndizo za kulinganisha. Za katikati zitakupandisha na kukushusha bure.

Zangu za juma la 12 zilikuwa 136 kwa 85. Sehemu ni miguu, sehemu ni ukuta, na sehemu ni achari niliyoiacha mezani; siwezi kuzigawa. Daktari ameniongezea miezi mitatu mingine bila dawa. Nilimwonyesha ami kile kidaftari. Akakisogeza mbali na macho, akasoma taratibu, akanirudishia. "Vyema, mwanangu," akasema. "Jumamosi maji yanajaa saa mbili. Uje na taulo."